Kliniki ya ADHD kwa watu wazima: uliza kwanza alikuwa mtoto wa namna gani

Daktari anayepangiwa kliniki ya ADHD (tatizo la kukosa umakini, kutotulia na kukurupuka) ya watu wazima hudhani kazi kubwa itakuwa kuchagua dawa. Kazi kubwa ni historia, na historia hiyo huanzia utotoni. Kwa mtu wa miaka 17 na kuendelea, vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, vya mwaka 2013 vinataka dalili zisizopungua 5 za kukosa umakini, au 5 za kutotulia na kukurupuka. Ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zionekane sehemu mbili au zaidi, tuseme nyumbani na kazini, na ziwe zinavuruga maisha. Kisha kadhaa kati yake ziwe zilikuwapo kabla ya umri wa miaka 12. Sharti hili la mwisho ndilo linalorukwa zaidi. Mtu aliyesoma kwa utulivu, umakini ukaja kumtoka akiwa na miaka 30, huenda ana tatizo jingine, litafute hilo.

Ripoti za shule zikiwepo, soma maoni ya mwalimu kabla ya alama. Mara nyingi hazipo, kwa hiyo mwombe mgonjwa aje na aliyemlea: mama, bibi, shangazi, hata dada mkubwa. Usimuulize kama mtoto alikuwa na umakini. Muulize akitumwa chumvi dukani alirudi na nini. Alipoteza madaftari mangapi? Zamu yake ya kuchunga mbuzi ilikuwaje? Majibu ya maswali haya yana uzito kuliko dodoso lolote. Ndugu huyohuyo aulizwe pia kuhusu degedege, kuumia kichwa na malaria kali ya kupoteza fahamu. Malaria ya ubongo huweza kumwachia mtoto udhaifu wa umakini, na Kigoma na Tabora malaria si ngeni.

Dodoso la ASRS, la mtu mzima kujieleza dalili zake za ADHD, lina maswali 18, na 6 ya kwanza ndiyo ya kuchuja. Msomee mgonjwa kwa sauti, kwa mifano ya kazi yake. Mkulima wa tumbaku Urambo hana vikao vya ofisini, lakini ana bani la kukaushia tumbaku linalohitaji moto kupandishwa kwa hatua kwa siku kadhaa. Nani huamka usiku kuuangalia? Akifikisha 4 kati ya 6, hiyo ni sababu ya kuendelea kuchunguza tu. Sonona, hofu, gongo, bangi, upungufu wa damu na tezi ya shingo iliyozidi kasi vyote vinaweza kumpandisha alama.

Usingizi tunausisitiza. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi hukesha ziwani usiku wa giza na hupumzika wakati wa mbalamwezi. Muulize kichwa chake kikoje siku hizo za mapumziko, baada ya kulala usiku kadhaa mfululizo. Umakini ukirudi, shida ni kukesha. Kwa aliyekimbia vita akaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Nduta, tenganisha kutotulia kwa tangu utotoni na kushtukashtuka kulikoanza baada ya kiwewe. Vyote viwili vinaweza kukaa kwa mtu mmoja.

Kabla ya dawa, pima shinikizo la damu, mapigo na uzito, na uliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa kijana. Shinikizo lililopanda litibiwe kwanza. Mwenye historia ya vipindi vya kuchangamka kupita kiasi atulizwe hali yake kwanza, kwani dawa za kuchangamsha ubongo zinaweza kuamsha kipindi kingine.

Methilifenideti ya muda mfupi, mojawapo ya dawa hizo za kuchangamsha, huanza na miligramu 5 asubuhi na 5 mchana, ikipandishwa kwa 5 hadi 10 kwa wiki. 60 kwa siku ndiyo kikomo cha kawaida. Hufanya kazi kwa takribani saa 4, kwa hiyo dozi ya saa 11 jioni huiba usingizi. Ni dawa inayodhibitiwa: kabati lenye kufuli, rejista, vidonge vihesabiwe. Atomoxetini, dawa ya ADHD isiyo ya kundi hilo, huanza na miligramu 40 kwa siku kwa angalau wiki moja, kisha 80. Wengi huiacha wiki ya pili wakisema haifanyi kitu. Waambie mapema kwamba huchukua wiki 4 hadi 6, au zaidi. Macho ya njano au mkojo mweusi, aache na aje mara moja. Fluoxetini, dawa ya sonona, huongeza kiwango cha atomoxetini mwilini, kwa hiyo pandisha dozi taratibu zaidi. Vilevile hakikisha na mfamasia kwamba dawa itapatikana miezi mitatu ijayo, la sivyo utamwanzishia mtu safari ya wiki mbili.

Kliniki nayo izoee watu wanaosahau. Anayetoka Kasulu au Sikonge mpe siku inayolingana na gulio lake. Tuma ujumbe siku moja kabla na tena asubuhi yenyewe, na kwa ridhaa yake namba ya mke au kaka iwe kwenye faili. Akikosa, mpigie, kumfuta kwa kusahau tarehe ni kumwadhibu kwa dalili.

Kila mwaka jaribuni kusimamisha dawa kwa siku chache muone kama bado inahitajika. Msichague msimu wa kukausha tumbaku.