Faini ya kutofuata mshale London: nilipe nusu au nikate rufaa?

Swali: Kaka, naishi mashariki mwa London. Wiki iliyopita tumeletewa PCN (notisi ya faini ya halmashauri) ya pauni 160 yenye picha ya gari letu likikata kulia mahali ambapo mshale unaelekeza kushoto. Niliyekuwa kwenye usukani ni mimi, ila gari limeandikishwa kwa jina la mume wangu. Kibao sikukiona kabisa. Niliporudi kesho yake nikakuta matawi yamekifunika. Tukilipa ndani ya siku 14 ni pauni 80. Tulipe yaishe?

Jibu: Dada yangu, msilipe kwanza. Mkishalipa, hata hiyo nusu, shauri limefungwa na hakuna atakayewasikiliza tena. Na kwa ulivyoeleza, hoja mnayo.

Anza na namba ya kosa iliyoandikwa kwenye barua. Kibao cha duara la bluu lenye mshale mweupe ni kosa namba 32. Duara jeupe lenye ukingo mwekundu na mshale uliopigwa mstari ni namba 50. Barua ikitaja kosa moja na barabarani pana kibao cha lile jingine, mna haki ya kusema kosa mnalodaiwa halikutendeka. Kisha ingia kwenye tovuti ya halmashauri kwa namba ya PCN na namba ya gari, utazame video yote. Mara nyingi kamera huonyesha gari likikata kona lakini kibao hakionekani popote. Andika hilo.

Jambo la haraka kuliko yote ni picha. Nenda leo, si wikiendi, maana halmashauri ikishapogoa mti itapiga picha zake na kibao kitaonekana safi kabisa. Mtu mwingine aendeshe, wewe kaa kiti cha abiria upige picha kwa kimo cha macho ya dereva: mwanzo wa mtaa, katikati, na pale ambapo mtu angeamua kukata kona. Ukishuka ukapiga kutoka chini ya mti, hujamwonyesha mwamuzi alichokiona dereva. Kuwa na kibao kimoja tu, bila cha pili upande wa pili, si hoja ya kutegemea tangu kanuni za alama za mwaka 2016. Hoja ni kwamba hicho kimoja hakikusomeka.

Barua za wenzetu ninazoletewa zimejaa samahani: mimi mgeni, nilikuwa nawahi hospitali, simu ndiyo iliyonielekeza. Inaniuma, kwa sababu wengi wao walikuwa na haki. Halmashauri inaweza kusamehe ikipenda, lakini mwamuzi wa rufaa anapima sheria na ushahidi. Andikeni wazi: kosa halikutendeka kwa sababu alama haikuonekana vya kutosha kwa dereva, na picha ni hizi.

Mwenye shauri ni mume wako, kwa kuwa gari ni la jina lake. Barua itoke kwake, nawe uandike maelezo yako kama dereva uyaambatanishe. Muda ni siku 28 kuanzia tarehe ya notisi, ila pelekeni ndani ya zile 14. Halmashauri nyingi huwarudishia watu nafasi ya kulipa nusu hata zikikataa hoja, ingawa msiichukulie kuwa ni haki yenu.

Wakikataa, mnapewa siku nyingine 28 kwenda London Tribunals, baraza huru la rufaa za faini hizi, ambako rufaa haina ada na unaweza kusikilizwa kwa simu. Hapo ndipo pa kuamua kama mko tayari kuhatarisha pauni 80 za ziada. Mimi, kwa picha nzuri za matawi, ningeenda. Kwa maneno matupu ningelipa.

Kunyamaza ndiko kubaya. Siku zikipita deni linapanda kwa nusu, linakuwa pauni 240, kisha linaandikishwa kwenye kituo cha mahakama cha Northampton na mawakala wa kukusanya madeni wanaweza kubisha hodi. Faini hii ya halmashauri haiongezi pointi kwenye leseni, kwa hiyo asikutishe mtu kwa hilo. Barua ikiwa imetoka polisi, utaratibu ni mwingine kabisa.

Tumeni kupitia tovuti, na mhifadhi picha ya ukurasa wa mwisho wenye namba ya mapokezi na tarehe.