Shangazi, mama halali usiku na anasahau, ndo uzee au?

"Shangazi shkamoo. Mama ana miaka 71, tumemtoa Kongwa tunakaa nae hapa Nkuhungu, Dodoma mjini. Saa mbili usiku keshalala, saa nane yuko macho anazunguka sebuleni anafungua milango. Mchana anasinzia kwenye kochi, anasahau, juzi mlenda kautia chumvi mara mbili. Jirani kasema nimpe Piriton, nampa kila usiku ila naona anazidi kuchanganyikiwa. Kaka anasema karogwa, wifi anasema tumpeleke Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, mi naogopa watu watasema mama kichaa."

Marahaba mwanangu. Hiyo Piriton acha leo leo. Ile ni dawa ya aleji, kusinziza ni madhara yake tu, na kwa mzee inazuia kemikali ya ubongo ambayo kumbukumbu inaitegemea, ndo maana anaamka kama kalewa, tena inaweza kumwangusha njiani anaenda chooni akavunja nyonga. Sishangai umeona kazidi.

Halafu piga hesabu, saa mbili mpaka saa nane ni masaa sita, ongeza ya kwenye kochi, mama keshamaliza usingizi wake! Uzeeni usingizi unakuja mapema, unaisha mapema na unakuwa mwepesi. Mchelewesheni mpaka saa nne, mchana asizidi nusu saa, asubuhi akae nje juani, maana Kongwa alikuwa na shamba, kwako ana kochi na tivii (sikulaumu, ndo mjini).

Usiku kalale nae umsikilize. Kama anakoroma halafu pumzi inakata kabisa, kimya, kisha anashtuka akihema, hiyo ni shida ya kupumua usingizini, ubongo unakosa oksijeni mara kwa mara usiku na kumbukumbu inaweza kuumia, na inatibika. Kama ana dawa ya presha ile ya kukojosha na anainywa jioni, muulize daktari kama inaweza kuhamia asubuhi, usiihamishe mwenyewe.

Sasa hilo la kusahau. Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2021, walifuatilia watu karibu 8,000 kwa miaka 25 hivi, wakaona waliokuwa wanalala masaa sita au chini tangu wakiwa na umri wa miaka 50 hivi walipata zaidi ugonjwa wa kusahau uzeeni. Ila mambo yanakwenda pande zote mbili, ugonjwa wenyewe unaanza kimya miaka mingi kabla na wenyewe unavuruga usingizi, kwahiyo mimi wa kusoma barua siwezi kukwambia kwa mama kipi kimeanza.

Anzeni kituo cha afya wampime presha, sukari, damu na mkojo (tezi ya shingoni na vitamini B12 huenda mkaandikiwa hospitali kubwa), maana mzee akiwa na UTI tu anaweza kuchanganyikiwa ukadhani akili imeondoka. Wakiwaandikia hospitali ya Benjamin Mkapa nendeni, wakiwaandikia Mirembe nendeni pia, kule kuna madaktari wa magonjwa ya akili, na midomo ya majirani haimtibu mama. Kaka anaesema karogwa mpe zamu ya usiku wiki nzima.

Andika kwenye daftari saa anazolala na kuamka, na siku ya kwenda bebeni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata mitishamba aliyokuja nayo toka Kongwa, daktari azione.