Usikubali Ujuzi wa Mzee Uandikwe "Wasiwasi"

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kutafsiri kwenye baraza la tathmini ya athari za mazingira, katika kijiji kimoja cha wavuvi kwetu Lamu. Wataalamu walitoka bara na ripoti yao ilikuwa ya Kiingereza. Ulikuwa mwezi wa Januari, msimu wa upepo wa kaskazi, bahari imetulia.

Nahodha mmoja mzee alisimama, akanyoosha mkono kuelekea baharini. "Wanangu, mumekuja kaskazi. Vyombo vyote viko nje, bahari kuu. Hapa ndani mumehesabu mashua nne mkadhani hapavuliwi. Rudini msimu wa kusi, bahari ikichafuka, mtatukuta sote tumo humu ndani ya mikono ya bahari, hata pa kutia nanga hapatoshi."

Nilitafsiri neno kwa neno, kalamu zikaandika. Ripoti ilipotoka niliitafuta kauli ile, nikaikuta kwenye kiambatisho cha mwisho: jamii ina wasiwasi kuhusu kipato cha uvuvi. Basi. Kwenye sura inayoeleza hali ya bahari ilivyo, mashua zilibaki zile nne za kaskazi.

Mzee yule hakutoa wasiwasi. Alisahihisha utafiti, tena kosa kubwa: mradi ulitaka kuchimba mkondo uleule ambao kijiji kizima hukimbilia miezi ya kusi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikaa na vijiji kabla ya mabaraza kama haya, na ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona yakisaidia.

Kaeni peke yenu kwanza, wiki mbili au tatu kabla ya wageni. Waiteni manahodha, wanawake wanaookota chaza na kaa, wakataji mikoko, watega malema, yaani mitego ya samaki. Kila anachosema mtu kiandikwe kwa maneno yake, pamoja na mambo manne: mahali, msimu, hali ya maji (bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, au maji mafu, yakijaa na kupwa kidogo), na amekijuaje. "Samaki wamepungua" ni kauli rahisi kupuuzwa. "Tangu nianze kutega malema, changu huingia mkono huu bamvua za kusi, na baba yangu alitega hapahapa" ni ushahidi. Mtaalamu akitaka kuupinga, inambidi aende akatazame. Muombeni kijana mwenye simu nzuri arekodi sauti, kwa idhini ya msemaji, halafu andikeni nakala mbili.

Siku ya baraza, msiridhike kusema tu. Mkabidhini mwenye kuandika kumbukumbu ile karatasi yenu, naye atie sahihi na tarehe kwenye nakala inayobaki kwenu. Kabla watu hawajatawanyika, ombeni kumbukumbu zisomwe kwa Kiswahili. Hapo ndipo neno "wasiwasi" hukamatwa mapema. Na ile orodha ya waliohudhuria, ambayo mara nyingi huzungushwa pamoja na pesa ya nauli, iangalieni vizuri. Nimewahi kuona orodha kama hiyo ikitolewa baadaye kuwa kijiji kimekubali. Andika kando ya jina lako: nimehudhuria tu.

Sheria iko upande wenu zaidi ya mnavyodhani. Kifungu cha 69 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka Serikali ihimize ushiriki wa umma katika mazingira, na papo hapo kinataja kulinda maarifa asilia ya jamii kuhusu viumbe hai. Kanuni za tathmini za mwaka 2003 ziliagiza mabango, matangazo ya gazeti na redio, redio ikitumia pia lugha ya wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika, kwa notisi ya wiki moja.

Sisi wa Lamu tumeona kanuni hizo zikifanya kazi. Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, ilitolewa 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa za leseni kama hizi, liliifuta, na sababu kubwa ilikuwa ushiriki wa umma. Mikutano ya utangulizi, kabla watu hawajaonyeshwa utafiti umegundua nini, haikutosha. Mwaka mmoja kabla yake, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki za wavuvi zilikiukwa katika mradi wa bandari ya Lamu, zikiwemo za utamaduni na uvuvi wao wa jadi, ikaagiza fidia ya karibu shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Kwa hiyo mkiitwa barazani, swali la kwanza liwe: ripoti iko wapi, na muhtasari wake wa Kiswahili uko wapi? Kama hakuna, sema hivyo kwa sauti, na hakikisha imeandikwa.

Leseni ikishatolewa, hesabuni siku. Rufaa kwa Jopo ina siku 60, na siku 60 kijijini hupita upesi mno, hasa Ramadhani ikiangukia katikati. Ile karatasi yenye sahihi ndiyo mwanasheria atakayoiomba kwanza.

Jambo moja nililichelewa kulijifunza. Si kila ujuzi ni wa kutolewa. Ramani ikishachapishwa haina mwenyewe, na mahali samaki wanapotaga, pakijulikana, hufikiwa na watu wenye nyavu haramu kabla ya mradi wenyewe. Amueni ninyi kwa ninyi kipi kitajwe kwa jina, kipi kwa eneo tu, na kipi kibaki nyumbani. Nilipokwenda tena kwa yule nahodha, kusi, kuhesabu naye mashua, alinitajia mkono wa bahari na miezi yake, nikaandika. Mwamba wenyewe hakuutaja, nami sikumuuliza.