Mwanao yuko kwenye orodha ya kusubiri: maswali ya wazazi kuhusu shule za wavulana za Kikatoliki Marekani

Barua za shule za sekondari za Kikatoliki Marekani hutoka kati ya Januari na Machi, kutegemea jimbo. Zipo zinazosema karibu, zipo zinazosema samahani, na zipo za katikati: mtoto anafaa, ila viti vimejaa, asubiri. Hizi za katikati ndizo zinazowanyima wazazi usingizi, hasa kwa shule za wavulana zinazogombewa kama Gonzaga ya Washington, iliyoanzishwa na Wajesuiti mwaka 1821, DeMatha ya Hyattsville, au Fordham Prep na Xavier za New York. Haya ni maswali ya wazazi wenzetu wa huko, pamoja na mjomba mmoja.

"Barua inasema mwanangu yuko kwenye orodha ya kusubiri lakini haikutaja namba. Yuko wa ngapi?" (Mama, Silver Spring)

Mama, katika shule nyingi za aina hii hakuna wa kwanza wala wa ishirini. Orodha si foleni ya hospitali, ni kapu la majina. Kiti kikifunguka, ofisi ya udahili inalitazama kapu zima na kujiuliza nani anakifaa kiti hicho.

Hesabu yenyewe iko hivi. Tuseme shule inataka wavulana 240 wa darasa la tisa, ndio mwaka wa kwanza wa sekondari huko. Itawaandikia 330 kwamba wamekubaliwa, kwa sababu inajua wengine watakwenda kwingine. Wavulana 245 wakilipa pesa ya kushika nafasi, orodha haisogei hata kidogo mwaka huo, na mwanao angekuwa na alama nzuri kiasi gani isingesaidia. Wakilipa 228, viti 12 viko wazi. Hapo ndipo inapoangaliwa nani amepungua: wenye hesabu za juu, wapiga ala, watoto wa upande fulani wa mji ambako wachache wamelipa, ndugu za wanafunzi waliopo, na, tuseme ukweli, familia ambazo hazihitaji msaada mkubwa wa ada. Kwa hiyo usilisome jibu la orodha kama hukumu juu ya akili ya mtoto.

Viti hufunguka katika vipindi vitatu. Cha kwanza ni wiki moja au mbili baada ya tarehe ya mwisho ya kulipa pesa ya kushika nafasi. Cha pili ni Mei na Juni, wazazi wanapohamishwa kikazi au wanapogundua ada haiwezekani. Cha tatu ni Agosti, siku chache kabla ya kufungua, pale watoto waliolipiwa shule mbili wanapoonekana katika moja tu.

Iandikie ofisi barua pepe fupi yenye maswali manne: orodha ina mpangilio au haina? Mwaka jana mlichukua wangapi kutoka orodhani? Inafungwa lini? Anayetoka orodhani anaweza bado kupata msaada wa ada? Jibu la swali la pili lisikupe matumaini makubwa wala kukuvunja moyo, maana mwaka mmoja wanaweza kuchukua kumi na tano na unaofuata wasichukue hata mmoja. La tatu na la nne ndiyo ya kupangia mambo.

"Tufanye nini sasa hivi? Mume wangu anataka kwenda kuonana na mkuu wa shule." (Mama, Bowie)

Mzuie kidogo. Mkuu wa shule ataipeleka habari hiyo hiyo ofisi ya udahili, na ofisi itaona imerukwa.

Jambo la kwanza ni kujibu kwamba mtoto anabaki kwenye orodha. Shule nyingi huweka fomu ndogo kwenye akaunti ile ile mliyoombea, na ina tarehe yake. Asiyejibu huhesabiwa amejitoa. Familia hupoteza nafasi hapa kwa sababu tu barua pepe iliingia kwenye folda ya taka, au akaunti ilifunguliwa kwa anwani ya shangazi. Hakikisheni namba ya simu iliyo kwenye faili ndiyo mnayoitumia leo.

Pili ni barua ya mtoto mwenyewe. Mwenyewe, dada. Watu wa udahili wanasoma maandishi ya wavulana wa miaka kumi na tatu mwaka mzima, na sentensi ya mzazi wanaitambua mara moja. Maneno 200 hadi 250 yanatosha. Aseme wazi kwamba bado anaitaka shule hii. Kama ndiyo chaguo lake la kwanza na atakuja akipewa, aandike hivyo, lakini aandike iwapo tu ni kweli, kwa sababu ofisi za udahili za shule hizi zinafahamiana. Aeleze jambo moja jipya lililotokea tangu atume maombi: alama za robo ya tatu, kikombe cha sayansi, kuanza kutumikia altare. Kisha ataje kitu mahususi cha shule hiyo anachokitaka na kwa nini. "Shule yenu ina sifa nzuri" haimsogezi mtu. "Nilipokuja siku ya kumfuata mwanafunzi darasani, nililiona somo la Kilatini na ningependa kuendelea nalo" inamsogeza.

Tatu, muombeni mshauri wa wanafunzi wa shule yake ya sasa atume ripoti ya robo ya tatu mara itokapo. Hii ndiyo karatasi yenye uzito kuliko zote, hasa kama somo lililomwangusha mwanzoni limepanda. Kama limeshuka, ripoti bado itaombwa, kwa hiyo msiifiche. Mwalimu wa somo hilo na aongeze mistari miwili ya maelezo.

Barua moja ya mapendekezo ya ziada inatosha, kutoka kwa mtu anayemfahamu mtoto kwa karibu. Kocha wa timu ya mtaa aliyemfundisha miaka mitatu ni bora kuliko mbunge aliyemwona harusini. Zawadi, kapu la matunda, ahadi ya mchango: acheni kabisa. Baada ya hapo kaeni kimya mpaka Mei, ndipo mtume mistari mitatu ya kukumbusha.

"Arudie HSPT, mtihani wa kuingilia sekondari za Kikatoliki, ili alama zipande?" (Baba, Upper Marlboro)

Hapana. HSPT una maswali 298 yanayofanywa kwa takribani saa mbili na dakika ishirini, na umekusudiwa kufanywa mara moja. Shule nyingi za Kikatoliki hazipokei marudio, na baadhi zikiona alama mbili huchukua ya chini. Nguvu hiyo ielekezwe kwenye ripoti ya robo ya tatu. Walio New York hufanya mtihani wa kuingilia wa huko, TACHS, badala yake, nako pia hakuna kurudia katikati ya msimu.

"Tunalipa pesa ya kushika nafasi shule nyingine, au tukifanya hivyo tutaonekana hatuitaki hii?" (Mama, Bronx)

Lipeni. Shule iliyomweka kwenye orodha haitalihesabu hilo dhidi yenu, kwa kuwa inajua mtoto lazima awe na shule Agosti. Pesa hiyo kwa kawaida ni mamia ya dola, pengine zaidi ya elfu, na hairudi mkihama. Ihesabuni kama gharama tangu leo. Kabla ya kusaini mkataba, someni kifungu kimoja tu kwa makini: ni tarehe gani baada yake mnawajibika kwa ada ya mwaka mzima hata mkijitoa? Shule nyingine huweka Juni Mosi, nyingine Julai. Nafasi ikija baada ya tarehe hiyo, mnaweza kudaiwa shule mbili.

Na mtoto asiambiwe kwamba shule hiyo ya pili ni ya muda tu. Huenda ndiyo atakayosoma miaka minne.

"Paroko anasema hatumo kwenye kitabu chake, ilhali tunasali Misa ya Kiswahili na jumuiya yetu inakutana kila mwezi. Litatuathiri?" (Familia, Laurel)

Linaweza, na jambo hili huwakuta watu wetu wengi bila kosa lao. Nyumbani Mkatoliki anajulikana kwa jumuiya yake ndogo ndogo: mwenyekiti akisema huyu ni wetu, paroko anasaini. Marekani paroko anaangalia fomu ya kujiandikisha parokiani. Mara nyingi kuna namba ya familia na bahasha za sadaka zenye namba hiyo. Anayesali miaka mitano akiweka noti taslimu kwenye kikapu, ofisini hayupo.

Shule hulitumia jambo hili kwa njia mbili. Kuna ukurasa wa paroko katika maombi, na baadhi ya shule zina ada nafuu kidogo kwa Wakatoliki walioandikishwa parokiani.

Nendeni wiki hii kwenye ofisi ya parokia mnakosali Jumapili za kawaida, mjaze fomu, mkiwa na vyeti vya ubatizo na kipaimara. Kama cheti kiko Bukoba au Machakos, andikieni ofisi ya parokia ile leo, maana kukitafuta kwenye kitabu huchukua muda. Kisha mwombeni padre wa Misa ya Kiswahili aandike barua kuhusu mtoto: anaimba kwaya, anasoma somo la kwanza, anasaidia kupanga viti. Tarehe msizipindishe. Semeni "tunasali hapa tangu 2021, tumejiandikisha mwezi huu." Paroko ataelewa, na shule pia.

"Tukiomba msaada wa ada, si ndiyo tunajipunguzia nafasi?" (Baba, Hyattsville)

Kwenye orodha ya kusubiri, ndugu yetu, pesa ina uzito, kwa sababu mfuko wa msaada huwa umeshagawiwa waliokubaliwa mwanzo. Lakini kusema hamhitaji kisha mkaomba Julai ni kubaya zaidi: mtoto atapewa kiti msichoweza kukilipia. Tena mvulana mwenye msaada akijitoa, msaada wake hurudi mfukoni, na ofisi humtafuta mtu ambaye faili lake limekamilika.

Faili hukwama pale pale kila mwaka. Shule nyingi hutumia FACTS, kampuni inayopima uwezo wa familia kulipa ada, inayotaka fomu 1040 ya kodi ya mapato yenye kurasa zote na W-2, taarifa ya mshahara kutoka kwa mwajiri, ya kila kazi, ikiwemo ile ya wikendi. Dereva wa kujitegemea anahitaji pia Schedule C, ukurasa wa kodi unaoonyesha mapato na gharama za kazi yake. Pesa mnazotuma nyumbani kwa ada za wadogo au matibabu ya mama hazina kisanduku chake, kwa hiyo ziandikeni kwenye nafasi ya maelezo, mkiambatanisha risiti za miezi kadhaa. Mwisho, itajieni shule kiasi halisi: "tunaweza dola 600 kwa mwezi kwa miezi kumi." Namba kama hiyo inampa ofisa kitu cha kupigia hesabu.

"Mpwa wangu yuko Nakuru, nami naishi Maryland. Naye amewekwa kwenye orodha. Kuna tumaini?" (Mjomba, Baltimore)

Lipo, ila saa ndiyo adui. Ulizeni kwanza kama shule ina kibali cha kutoa I-20, fomu ambayo mwanafunzi wa kigeni huombea viza, kwa kuwa shule nyingi za kutwa hazina. I-20 hutoka baada ya mtoto kukubaliwa, kisha hulipwa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kisha fomu ya viza na usaili ubalozini Nairobi. Akikubaliwa Julai, muda huo hautoshi kwa urahisi. Tayarisheni sasa pasipoti, ripoti za miaka mitatu, taarifa za benki, na barua ya wazazi iliyoshuhudiwa na wakili kwamba wewe ndiye mlezi. Iambie ofisi kwa maandishi tarehe ya mwisho ambayo kwenu bado inawezekana.

"Simu ikija Julai, tuna muda gani?" (Mama, Washington)

Saa 24 hadi 48 kwa kawaida, na nyakati za Agosti jibu hutakiwa siku hiyo hiyo. Amueni sasa, mezani, kama bado mnaitaka na kwa ada ipi. Wekeni tayari fomu ya daktari na chanjo, na pesa ya kushika nafasi. Mkikubali, ijulisheni shule ya kwanza kwa maandishi siku hiyo, ili mvulana mwingine apate kiti.

Isipokuja, njia ya darasa la kumi ipo, ingawa ni nyembamba: viti ni vile tu vilivyoachwa na waliohama. Anayetaka kuijaribu achague mwaka huu, huko aliko, lugha ile ile inayofundishwa shule anayoitamani na ngazi ile ile ya hesabu. Mvulana aliyesoma Kihispania cha kwanza na aljebra huingizwa kwenye ratiba ya darasa la kumi bila shida, na aliyeviacha vyote viwili hukosekana mahali pa kumweka hata kama kiti kipo.