Sauti ya WhatsApp haiingii kwenye hedifoni

Pole, dada wa Ujiji. Muziki unausikia vizuri kwenye hedifoni za Bluetooth, ila mama akikupigia WhatsApp kutoka Tabora sauti inabaki kwenye simu. Huenda hedifoni si mbovu: muziki na maongezi hupita njia mbili tofauti za Bluetooth. Fungua mipangilio ya Bluetooth, gusa kigia (alama ya gurudumu lenye meno) pembeni ya jina la hedifoni, washa sehemu ya kupiga simu. Kwa Android 12 kwenda juu, WhatsApp ipe pia ruhusa ya vifaa vya karibu. Kisha mkiwa mnaongea, gusa alama ya spika uchague Bluetooth. Wengi husahau hapo. Ikigoma, futa muunganisho, unganisha upya. Tafadhali usikubali fundi aiflashi simu, yaani aiwekee mfumo upya, picha zinaweza kufutika. Hedifoni zikigoma hata kwenye simu nyingine, ndipo umwone fundi.