Kabla ya Kununua Koili Mpya, Fuata Njia ya Hewa

Nina duka dogo la dobi hapa Kansanga, Kampala. Kuanzia Machi hadi Mei kamba za nje hazinifai kitu. Nguo iliyoanikwa asubuhi hufika jioni ikiwa bado mbichi, na nguo mbichi hutagwa mayai na inzi wa embe, yule ambaye funza wake huingia ngozini. Ndiyo maana mashine ya kukaushia ilipoanza kuzunguka bila joto, nilihaha. Fundi alikuja, akafungua nyuma, akanionyesha koili, yaani waya wa kupashia joto, imekatika. Akaweka mpya, nikalipa.

Baada ya wiki saba ikakatika tena.

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, hakuigusa koili. Aliwasha mashine, akatoka nje na kuweka kiganja kwenye tundu la ukutani panapotokea hewa. "Mama, hapa hakuna upepo." Tukaisogeza mashine. Bomba la plastiki lilikuwa limebanwa ukutani hadi limekunjika, na ndani yake kulijaa vumbi la nguo, la kijivu, limelowa na kushikamana kama pamba ya godoro kuukuu. Tulilitoa kwa mikono, likajaza nusu ndoo.

Koili ni waya unaowaka mwekundu, na hewa inayovutwa na feni ndiyo inayouondolea joto na kulipeleka kwenye nguo. Hewa ikipungua, joto hubaki palepale. Thamostati, yaani swichi inayodhibiti joto, inazima, inawasha, inazima tena. Waya unatanuka na kusinyaa, unalegea, mwisho unakatika au unaegemea bati. Ukibadilisha koili bila kuzibua bomba, jiandae kununua nyingine.

Ukitaka kupima mwenyewe kwa mita ya umeme, chomoa plagi kwanza, kisha tenganisha nyaya za koili. Yangu ni ya wati 2,400, na kwa umeme wetu wa volti 240 inapaswa kusoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 24 hivi. Mita isiposoma kitu, imekatika. Pima pia kati ya koili na bati lake: pakisoma chochote, koili inagusa mwili wa mashine, usiiwashe kabisa. Koili ikiwa nzima na joto hakuna, angalia fyuzi ya joto. Hapa nakusihi: kuna mafundi wanaoiruka fyuzi hiyo kwa kipande cha waya ili kazi iishe. Kataa, hata kama wateja wamepanga foleni. Fyuzi hiyo imekatika kwa sababu joto lilipita kiasi, na vumbi la nguo hushika moto upesi sana.

Bomba jipya nilitengenezewa na mafundi wa mabati wa Katwe: kipenyo sentimita 10, fupi, kona moja tu. Viungo tulivifunga kwa utepe wa alumini, kwa kuwa ncha za skrubu zikitokeza ndani hunasa nyuzi.

Chujio la mashine, linalonasa vumbi la nguo, nalisafisha kila baada ya mzigo. Lakini kuna jambo lililonishangaza. Kilainisha nguo, ambacho wateja wangu wanakipenda mno, huacha utando usioonekana kwenye chujio. Nililimiminia maji, yakatuama juu kama kwenye jani la mgomba. Nikalisugua kwa sabuni na brashi laini, maji yakapita. Lirudishe likiwa limekauka.

Mashuka yaliyokuwa yakichukua karibu saa mbili sasa yanakauka kwa dakika 50. Kila Jumamosi kabla ya kufunga natoka nje na kuweka kiganja kwenye tundu. Juzi nilikuta ndege wameanza kuingiza majani humo. Jirani alinishauri niweke wavu, ila wavu huzibwa na nyuzi upesi. Nimeweka kifuniko chepesi cha bati, kinachoinuliwa na upepo mashine ikiwaka na kujifunga ikizimwa.