Kushusha Datsun 120Y: usipime ulichoshusha, pima kilichobaki

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuilaza 120Y yako inchi nne kwa kukata koili za mbele na kutoa pleti (vyuma bapa vya springi) mbili za nyuma. Kuishusha inawezekana. Inchi nne, kwa gari inayolala Nkuhungu, Dodoma, na kwenda Kibaigwa kila wikiendi, hapana. Milimita 40 mbele na 40 nyuma inatosha kupendeza, na bado unavuka matuta ya vijijini bila kuacha eksozi barabarani.

Anza na vipimo. Sakafu tambarare, upepo sawa kwenye tairi zote, mafuta nusu tanki. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike (ukipima kutoka chini, tairi iliyokwisha itakudanganya). Kisha ingia uvunguni upime nafasi kati ya ekseli na raba ya stopa (ile inayozuia ekseli isigonge bodi). Ukikuta milimita 80 na ukashusha 50, umebakiwa na 30. Pakia abiria watatu na makreti ya zabibu, hiyo 30 imekwisha kabla hujafika kwenye tuta. Wengi hawaangalii hapo, halafu wanalaumu shokapu.

Mbele sasa. Fundi akikwambia atapasha koili kwa gesi ili ilale, chukua funguo uondoke. Sehemu iliyochomwa inapoteza ugumu, itaendelea kulala kila mwezi, na kulia na kushoto havitalingana tena.

Kukata kwa greinda kunakubalika, kwa diski nyembamba huku ukimwagia maji, na ukate ile ncha ambayo haijasagwa bapa. Kata nusu mzunguko tu, funga, isukume gari mbele na nyuma itulie, upime. Hesabu yake haiko kama watu wanavyodhani. Chukua koili ya mfano: ikiwa huru ina milimita 360, mizunguko inayofanya kazi 6, na uzito wa gari unaibana 120, kwa hiyo inasimama kwenye 240. Kata mzunguko mmoja, inabaki 300. Lakini koili fupi ni ngumu zaidi, hapa kwa asilimia 20, hivyo uzito uleule unaibana 100 tu na inasimama kwenye 200. Umekata 60, gari imeshuka 40, na imekuwa ngumu juu yake.

Halafu piga jeki, gurudumu lining'inie. Tuseme shokapu ikinyooka yote, kati ya kiti cha juu na cha chini cha koili kuna 320. Koili yako ni 300. Hizo 20 zilizo wazi ndizo zinazogonga "ko!" ukishuka upande wa pili wa tuta, na siku koili ikirudi imekaa upande, usukani si wako tena. Dawa ni kartriji (shokapu inayoingizwa ndani ya strati, ile nguzo ya mbele inayobeba koili) ambayo fimbo yake ikinyooka yote inatoka nje pungufu ya ile ya zamani kwa milimita 30: 20 za kuziba pengo, 10 za kuibana koili kidogo. Mwili wake ukiwa mfupi, weka kipande cha bomba chini yake, la sivyo nati kubwa ya strati haitaukaza. Mimina na mafuta kidogo ndani ya strati, yanasaidia kupoza.

Nati ya katikati juu ya strati usiiguse kabla koili haijabanwa kwa klampu mbili na kulegea kwenye kiti chake. Waya wa kufungia si klampu. Koili ikiruka inavunja taya.

Gari ikishuka, mkono wa chini na fimbo ya usukani zinabadilika pembe, na kila ukigonga shimo usukani unavuta wenyewe. Kipande cha chuma cha milimita 25 kati ya kitako cha strati na mkono wa usukani kinarudisha pembe hizo, kwa bolti ndefu zaidi za daraja 10.9 (alama ya ugumu wa bolti). Zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kutoa jeki. Kwenye rimu za inchi 12 au 13 nafasi kati ya rimu na mkono wa usukani ni finyu sana.

Nyuma ni rahisi zaidi. Usitoe pleti: springi inalegea na ekseli inajipinda unapotoa klachi. Weka bloku ya chuma kati ya springi na ekseli. Utasema bloku huinua gari, na kweli ndivyo ulivyoona kwenye pikapu, kwa sababu pale springi imekaa juu ya ekseli. Kwenye saluni (gari ndogo ya abiria kama yako) springi inapita chini ya ekseli, hivyo bloku ileile inashusha. Hakikisha hilo kwa macho kwanza. Bloku iwe kipande kimoja, isizidi 50, yenye tundu upande mmoja na pini upande wa pili kwa ajili ya senta bolti (bolti ya katikati inayoshika pleti za springi). Kupanga mbili juu ya nyingine ni kutafuta ekseli itembee. Yuboliti (bolti za umbo la U zinazofunga springi na ekseli) ziwe mpya na ndefu zaidi kwa unene wa bloku. Zikaze tena baada ya kilomita 100, kisha 500.

Bolti za bushi zote, mbele na nyuma, zikazwe gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza ikiwa kwenye jeki, raba inajisokota, gari inakaa juu kuliko ulivyopima, na baada ya miezi michache bushi zimechanika.

Ikianza kutetemeka kwenye kilomita 70 au 80 kwa saa, angalia pembe ya propela na difu. Kabari ya nyuzi 2 kati ya springi na ekseli mara nyingi inamaliza. Angalia pia bomba laini la breki la nyuma, maana sasa limelegea na linaweza kusugua tairi.

Alaimenti (kunyoosha magurudumu) ifanyike baada ya kilomita 200, springi zikishatulia. Ukiifanya siku hiyohiyo utalipa mara mbili.